Fundi Aliyepima Rangi kwa Maji

Siku ile tulikuwa sita. Nilikuwepo mimi, mkubwa wa nyumba yetu. Walikuwepo wadogo zangu wawili, Espe wa miaka kumi na minne na Neema wa miaka minane. Alikuwepo baba mdogo Lazaro, aliyekuwa amefika kutoka Muhuta asubuhi hiyo kwa lori la ndizi. Alikuwepo Mzee Athumani, prezida, yaani mkuu, wa wavuvi wa ufuko wetu. Na alikuwepo Fundi, mwenye karakana. Boksi la kadi lilikuwa mezani. Prezida alilifungua, akatoa kadi ya juu, akaisogeza mlangoni penye mwanga, akairudisha, kisha akachomoa nyingine kutoka chini kabisa, kana kwamba huko chini mambo huenda yalikuwa nafuu.

"Fundi," akasema, "hii kuleri munaiita nini?"

Neema, ambaye hakuna aliyemuuliza, ndiye aliyejibu.

"Kijani."

Kadi zilitakiwa ziwe za bluu. Miaka ile ya vita hukuweza kusukuma mtumbwi ziwani bila kadi, na kila ufuko ulikuwa na rangi yake: bluu ya maji kwetu Rumonge, kijani kwa watu wa Magara. Askari wa kizuizi cha ufukweni hawakuwa na muda wa kusoma majina. Waliangalia mstari wa rangi basi. Mwenye kijani kwenye ufuko wa bluu alikuwa mgeni, na mgeni karibu na maji alilala ndani mpaka apatikane mtu wa kumtambua. Kadi zilikuwa themanini, na zote nilikuwa nimezitengeneza mimi. Ilikuwa kazi ya kwanza Fundi aliyoniachia peke yangu toka mwanzo hadi mwisho, na baba mdogo alikuwa amekuja kuiona. Sharti lake lilikuwa moja: nikimwonyesha kwamba nina kazi ya kweli, wadogo zangu wanabaki nami. Nisipomwonyesha, Neema anaondoka naye kwenda Muhuta, na Espe anavushwa kwa shangazi Uvira. Nisimseme vibaya. Alikuwa amemzika kaka yake na shemeji yake ndani ya mwaka mmoja, na aliona kwamba watoto watatu peke yao chini ya milima inayolia risasi ni jambo la kuomba balaa.

Nitarudi kwenye boksi hilo. Lakini asiyemjua Fundi hataelewa alichokifanya siku ile kilikuwa kikubwa kiasi gani, kwa hiyo nianze na yeye.

Mjini wote tulimwita Fundi, hata mke wake. Rumonge ilikuwa na mafundi wa kila aina, wa baiskeli, wa majiko, wa cherehani, na wote hao walihitaji jina la pili ili ujue unamzungumzia nani. Yeye hakuhitaji. Miaka mingi kabla ya mimi kumfahamu alikuwa akipaka rangi mitumbwi na kuandika vibao vya maduka. Kofia yake ya Ijumaa ilikuwa nyeupe kama chumvi, lakini ile ya siku za kazi ilikuwa na madoa mengi hivi kwamba Neema aliwahi kumwuliza aliinunua wapi yenye maua. Mtu aliyeweza kukuambia kwamba bluu ya mlango huu na bluu ya mlango ule zimetoka kwenye makopo mawili tofauti alivaa kandambili moja nyekundu na nyingine ya kijani, wala hakuona tatizo. "Miguu haiuzwi," alisema.

Jambo jingine lililowashangaza wageni ni kwamba mtu huyu wa kupaka rangi mitumbwi aliliogopa ziwa. Alizaliwa mita mia mbili kutoka kwenye maji na hakujua kuogelea. Wavuvi walimtania kila walipokuja kuchukua chombo. "Fundi, panda tukuzungushe kidogo uone kazi yako inavyoelea." Naye alijibu, "Nimeiona ikiwa kavu, inatosha."

Kompyuta ilimfikia kwa ajabu. Kulikuwa na ofisi ya mradi fulani wa visima karibu na soko. Barabara ya Bujumbura ilipoanza kuhitaji msafara wa askari, watu wa mradi walifunga milango na kuondoka, na mwenye nyumba akabaki na vitu vitatu: kompyuta, mashine yake ya kuchapa na kiti kinachozunguka. Kiti kilipata mtu siku hiyohiyo. Kompyuta ilikaa wiki tatu bila wa kuitaka, mpaka mwenye nyumba akamwomba Fundi aiondoe, apate nafasi ya kuweka madumu ya mawese. Fundi aliibeba kwa mkokoteni, ameifunika shuka, anasindikizwa na watoto kama bibi harusi.

Ndani yake mlikuwa na programu ya kuchorea. Maandishi yote yalikuwa ya Kifaransa, na Fundi alisoma Kiarabu cha chuo na Kiswahili cha vibao tu. Hivyo ndivyo nilivyopata kazi. Nilikuwa nimeacha sekondari mwaka wa pili, mwezi uleule mama alipofariki, na Kifaransa nilichobaki nacho kilitosha kusoma maneno ya pembeni mwa ekrani, kile kioo cha kompyuta. Nilisoma, yeye akabonyeza. Tulipokosea, aliilaumu suri, kile kipanya cha mkononi. Mtu aliyeweza kungoja siku mbili rangi ikauke bila kulalamika alikigombeza kile kipanya kama mbuzi aliyeingia shambani.

"Weye! Nimekuambia kulia! Unaenda wapi?"

Alinichukua kwa siku tatu za kujaribu. Siku ya tatu hakusema lolote, na ya nne nikaja tena. Aliwasikia wadogo zangu wakiniita Yaya, kama tunavyomwita dada mkubwa sisi tuliotoka upande wa Kivu, naye akaanza kuniita hivyohivyo, ingawa alikuwa na umri wa kunizaa mara mbili.

Alichokipenda kwenye programu ile ni kwamba haikuweka picha kama picha. Iliweka maagizo: anzia hapa, pinda pale, funga, jaza rangi hii. Ndiyo maana ungeweza kumchora samaki sangala mdogo kama kidole, ukamkuza akawa mkubwa kama mlango, na mistari yake isichakae. "Hii mashine haichori," alinieleza. "Inakumbuka tu ulisema nini. Kwa hiyo uangalie unasema nini."

Kulikuwa na kijiti kimoja cha kusukuma, kimeandikwa *transparence*. Nilimweleza kwamba ni kiasi gani rangi inaruhusu kilicho nyuma yake kionekane. Akatikisa kichwa kwa furaha kama aliyekutana na jirani wa zamani. "Maji," akasema. "Hayo ni maji. Wameyaweka hata humu!" Tangu siku hiyo neno lile la Kifaransa halikutajwa tena karakanani. Rangi isiyo na maji ilikuwa maji sifuri, na kila kitu kingine kilipimwa kutoka hapo. Alipenda kipimo hicho kiasi cha kukitumia kwa watu. Chai ya mke wake ilikuwa maji kumi. Hotuba za redioni zilikuwa maji themanini. Kuhusu mchumba mmoja aliyekuja kuniulizia, alisema, "Tisini na tano. Unaona mpaka ukuta wa nyuma."

Alifundisha kwa kubishana. Alasiri moja, Espe aliporudi kutoka shule na vitabu vyake kichwani, Fundi alichora mraba mwekundu wenye maji hamsini juu ya karatasi nyeupe, akauweka mwingine kama huo juu yake.

"We mwenye hesabu. Nusu na nusu?"

"Moja," akasema Espe.

"Basi hapa zinapolaliana nyekundu imejaa?"

Espe akainama. Haikuwa imejaa. Ilikuwa imekolea kuliko ya kwanza, lakini kando yake Fundi aliweka nyekundu isiyo na maji, na tofauti ilionekana wazi. Espe hakukubali. Alikaa sakafuni na daftari, na wateja wawili walikuja wakaondoka, kabla hajainua kichwa.

"Robo tatu," akasema. "Ya kwanza inafunika nusu ya nyeupe. Ya pili inafunika nusu ya iliyobaki, si nusu ya yote."

"Ya tatu?"

"Inabaki moja ya nane bado nyeupe."

"Na lini itaisha?"

Espe akafikiri, akacheka. "Haiishi!"

Fundi alinitazama mimi, si yeye. "Huyu asiende Uvira kuuza maandazi," akasema. Kwa hiyo alilijua shauri la baba mdogo. Sikuwa nimemwambia, Neema alikuwa amemwambia, kama alivyomwambia kila kitu cha nyumbani kwetu.

Somo alilolirudia kuliko yote lilihusu nyeupe na maji. Alichora miraba miwili ya waridi kwenye karatasi nyeupe, imefanana kama mapacha. Mmoja alikuwa ameuchanganya nyekundu na nyeupe. Mwingine ulikuwa nyekundu tupu, ametia maji. "Ipi ni ipi?" Sikuweza kujua, na hakuna ambaye angeweza. Kisha akausukuma mstari mweusi upite nyuma ya yote miwili. Wa kwanza ulibaki waridi. Wa pili ukageuka kuwa rangi ya damu iliyokauka.

"Kwa karatasi nyeupe wote wanasema kweli," alisema. "Wahamishe nyumba ndiyo utajua."

Halafu akanionyesha kisanduku cha namba. Kila rangi ilikuwa na namba zake, kiasi cha bluu, cha nyekundu, cha njano, cha nyeusi, ambazo mashine ya kuchapa ingezifuata. Mraba wa maji uliendelea kusema nyekundu mia, hata ulipoonekana waridi, hata ulipoonekana damu. "Namba inakuambia rangi ya ndani ya kopo," alisema. "Haikuambii ya ukutani."

Haya yote nilikuwa nayajua kabla ya kadi za wavuvi. Nayaandika ili ieleweke kwamba sikudanganywa na mtu.

Lakini alikuwa pia na kanuni nyingine, na hii ilikwenda kinyume. Umeme wetu ulikuwa dhaifu. Ulipopungua, ekrani ile kuukuu iligeuza rangi. Uso wa mtu ukawa kama embe, samaki akawa kama majani. Fundi alikuwa amechoka kusahihisha kitu ambacho hakikuwa na kosa, kwa hiyo akaamuru: "Usiamini ekrani. Soma namba." Mtu yuleyule aliyeniambia namba haijui ukuta aliniambia niamini namba. Alipokumbushwa alisema kanuni mbili si nyingi kwa kazi yenye rangi zote za dunia.

Umeme huohuo ndio uliomfanya awe maarufu kwa watoto wa mtaa. Taa ya karakana ilipoanza kufifia, alipiga kelele "Rejistre!", yaani hifadhi kazi, na mimi nikabonyeza mbio kabla giza halijaimeza. Baada ya wiki mbili watoto wote walijua. Balbu ikitetemeka popote mtaani ungesikia kutoka kila mlango, "Fundi, rejistreee!" Siku moja risasi zililia karibu sana, si juu milimani kama kawaida bali upande wa soko. Sisi wote tulilala chini. Fundi alibaki amesimama, amekaza macho, kidole kikitafuta kitufe.

"Fundi, lala!"

"Kuna mabango mawili humu," alisema. Akabonyeza, akasubiri kengele ya mashine, ndipo akalala. Tukiwa pale chini, mashavu yamegusa saruji, Neema alianza kucheka na hakuweza kuacha, na kicheko chake kikatuambukiza wote.

Nimebakiza sifa moja, na ndiyo nzito. Fundi hakusema uongo. Sisemi kwamba alikuwa mwaminifu kama watu wengi walivyo, kwa kiasi. Nasema alikuwa mkweli mpaka ikawa usumbufu. Mwenye bucha mmoja alitaka kibao chenye simba, akamchagua mwenyewe kwenye kitabu, na alipokuja kukichukua akauliza kama kimependeza. "Simba wako amefanana na mbwa aliyenyeshewa," alisema Fundi, "lakini ndiye ulimutaka." Na pale palipotakiwa kuandikwa *Nyama Safi* alikuwa ameandika *Nyama*, akaacha nafasi.

"Na safi iko wapi?"

"Nilipita kwako Jumatatu. Hiyo utaandika mwenyewe."

Mke wake alisema walipoteza nusu ya wateja kwa mdomo ule, na nusu iliyobaki ilikuja kwa ajili ya mdomo uleule.

Basi, boksi.

Kadi yote ilikuwa ya njano, rangi ya ndizi mbivu, na juu yake mstari mpana wa bluu, na ndani ya mstari jina la mvuvi. Nilichora mstari kwanza. Ili niweze kuona mistari ya kupangia majina iliyokuwa nyuma yake, niliutia maji hamsini. Ni jambo la kawaida, ukimaliza unayatoa. Sikuyatoa. Kisha nikaingiza ile njano chini. Na niliona! Hilo ndilo lililoniuma kwa miaka. Niliona mstari umegeuka kijani mbele ya macho yangu. Nikasema moyoni, umeme umepungua. Nikasoma namba kama nilivyoagizwa: bluu mia, nyekundu sifuri, njano sifuri, nyeusi sifuri. Nikachapa themanini. Karatasi ilikuwa ya mwisho na jioni ilikuwa inaingia. Nikazifungasha zikiwa za moto bila kuzitoa nje kwenye mwanga.

Kwa hiyo Neema aliposema kijani, mimi nilikuwa wa kwanza kujua kwa nini. Baba mdogo aliangalia kadi, akaniangalia mimi, akawaangalia wadogo zangu kama mtu anayehesabu mizigo.

"Nani alitengeneza hizi?" akauliza.

Nilifungua mdomo. Fundi alikuwa tayari amesimama.

"Miye."

"Mi nilisikia ni huyu mutoto."

"Huyu alipanga majina. Angalia majina yako sawa, hata moja halikukosewa. Kuleri niliiweka miye. Nilitia maji kwa bluu, nikasahau kuyatoa."

Prezida alimwangalia kwa mshangao wa kweli. "Fundi, miaka yote hii hukukosea kuleri hata siku moja."

"Basi siku yake ni leo."

Alikaa kwenye kompyuta, akaifungua kadi, akamwita Prezida karibu. "Soma hapa. Njano ni ngapi?"

"Sifuri."

"Ni kweli. Ndani ya bluu hii hakuna njano hata tone. Lakini chini yake iko nani?"

Prezida akakodoa macho. "Iko njano."

"Na bluu iko na maji hamsini. Sasa ule wa chini atanyamaza?"

Prezida hakutaka kucheka, akacheka. Lakini kicheko hakikumaliza shida: wavuvi walikuwa wanangoja ufukweni, na karatasi ilikuwa imekwisha Rumonge nzima mpaka msafara ujao. Fundi alisukuma kando kompyuta. Akashusha kutoka rafuni kopo la bluu ya mitumbwi, ile nzito ya mafuta, isiyo na maji hata kidogo, na brashi tatu. Moja akanipa mimi. Moja akachukua yeye. Ya tatu akamnyoshea baba mdogo.

"Muzee, kama ulikuja kuona kazi, ione kutoka ndani."

Baba mdogo alikuwa amevaa shati lake la kanisani. Alikataa mara mbili, kisha akakunja mikono. Tukaufunika mstari wa kijani kwa bluu, kadi moja baada ya nyingine, na mimi nikiandika upya jina kwa nyeupe kila moja ilipokauka. Fundi alikuwa ametia dawa ya kukausha haraka, na Espe alizipanga uani juani. Neema alipepea kwa sinia. Prezida, mkubwa wa ufuko mzima, alichuchumaa akipuliza kadi zilizokuwa karibu naye, mpaka akaegemea mkono wake kwenye nne zilizokuwa mbichi na kusimama nazo.

"Nishapata kadi zangu," alisema, akitikisa kiganja.

Mpaka alasiri zilikuwa zimekauka, nene kama ganda, zinanuka karakana. Askari wa kizuizi waliona bluu na kuwaacha watu wapite. Na kwa kuwa ile ilikuwa rangi ya kukaa majini, zilidumu kuliko kadi za fuko zote. Watu wa Magara walikuja kuuliza kama nao wangepakwa.

Baba mdogo alinawa mikono kwa mafuta ya taa, bluu haikutoka kwenye kucha. "Hii kazi ina kelele," aliniambia mwishowe. "Lakini nimeiona, ni kazi. Na bosi wako ni mutu anakubali kosa lake. Kaa naye." Kisha akawabusu wadogo zangu vichwani na kusema atakuja tena Pasaka, akaenda kutafuta lori. Peke yake.

Jioni hiyo, tukikunja vitambaa, nilianza kusema. "Fundi, ni mimi niliye..."

"Rejistre," akasema, akaonyesha balbu.

Ilikuwa inawaka vizuri kabisa.

Alilipia. Kadi za fuko nyingine, ambazo tulitarajia kuzitengeneza, zilipelekwa kwa mtu mwingine mjini Bujumbura. Na Prezida, ambaye ulimi wake ulikuwa mrefu kuliko wavu wake, aliisimulia habari hiyo kila mahali. Sokoni wakaanza kumwita Fundi Kijani. Mtu akiagiza mlango wa bluu aliuliza, "Bluu ya kweli, Fundi, au ile yako?" Hakuwa na majivuno ya kitu chochote duniani isipokuwa jicho lake, na kila nilipousikia utani ule nilitazama chini. Ningesema lini? Baba mdogo alikuja Pasaka, akaja tena Krismasi, na kila mara aliuliza habari za bosi mkweli. Mwaka ukafuata mwaka.

Vita viliisha. Espe sasa anafundisha hesabu. Neema ana mtoto anayesema kila kitu cha nyumbani kwao. Mimi nina karakana yangu na mashine isiyogeuza rangi umeme ukipungua. Fundi alikuwa amehamia Gatete kwa binti yake, na niliposikia kwamba nguvu zake zinapungua, nilipanda pikipiki kwenda kumsafishia jina angali hai.

Nilimkuta barazani na wakamuaji mawese wanne, wamekaa kwenye madumu yao. Alikuwa amekonda, lakini mikono yake ilikuwa inapaa hewani. Katika hadithi yake kadi zilikuwa zimefika mia tatu. Askari walikuwa wameingia mpaka ndani ya karakana. Baba mdogo wangu alikuwa askofu.

"Nikamuuliza Prezida: chini iko nani?"

"NJANO!" wakajibu wanne kwa pamoja, na nikaelewa kwamba hawakuwa wanaisikia kwa mara ya kwanza.

Aliponiona alijipiga makofi magotini. "Yaya! Huyu hapa alikuwepo! Amahoro, amahoro, kaa."

Niliwasalimu wote. Kisha nikasema nina neno la kusema mbele ya watu, na linahusu kadi zile. Uso wake ulibadilika. Aliinuka kwa shida, akanishika mkono, akanivuta nyuma ya nyumba penye kamba ya nguo.

"Unataka kuninyang'anya?" alinong'ona.

"Nataka wajue hukukosea. Hukukosea hata siku moja."

"Yaya, nimeandika vibao vingapi katika hii inchi? Taja kimoja watu wanakikumbuka." Alisubiri. "Umeona? Lakini nikiingia arusi, nikiingia matanga, wananiambia, Fundi, tuambie ile ya kijani. Watu wanacheka mpaka wanatoa machozi. Ukisema ni yako, mi nitabaki na nini? Simba wa bucha?"

"Lakini ilikuwa uongo, Fundi. Wewe ambaye..."

"Ilikuwa uongo mwaka ule. Nimeisema mara nyingi, sasa ni yangu. Rudi ukae."

Tukarudi. Mmoja wa wakamuaji, kijana mwenye mafuta mpaka kwenye nyusi, hakuweza kuvumilia.

"Dada, ni kweli ni yeye alitia maji?"

Fundi alinikazia macho. Nimewaona wateja wengi wakimwangalia hivyo, wakingoja aseme kama kibao chao kimependeza. Sikuwahi kumwona yeye akimwangalia mtu hivyo.

"Ni yeye," nikasema. "Mi nilipanga majina tu."

Alicheka kwa sauti ya zamani, ile iliyokuwa inafika sokoni. Tulikunywa chai. Nilipoondoka alinisindikiza mpaka mwisho wa ua tu, akarudi haraka kwa watu wake. Dereva alipokuwa anawasha pikipiki nilimsikia anaendelea. Kadi zilikuwa mia nne sasa. Deni langu lilikuwa palepale nilipolileta, halijapungua hata kadi moja.